Kengele ya Ng'ombe wa Mbele

Kuna uvumi ambao haukunitoka kichwani: kwamba sindano mpya ya selimundu inakata mbegu ya ukoo, na binti akichomwa hazai tena. Niliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ninyi vijana mmesikia watu wakisema, "Kengele iliyozibwa nyasi haijavunjika," mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu, na chanzo chake ni hiki.

Binti yangu Holo alizaliwa na ugonjwa huo wa selimundu. Chembe za damu yake zilijipinda kama mundu, zikakwama mishipani, na maumivu yakimshika alilia mpaka sauti ikakauka. Alilazwa mara kwa mara akiongezwa damu. Hospitali wakatuambia kuna dawa ya sindano inayojaribiwa. Mume wangu akasema hatii sahihi ya kuikubali bila neno la baba yake, mzee Luhende. Na mzee alikuwa ameusikia uvumi ule ule.

Daktari Sayi wa hospitali hiyo, mwanamke mtulivu, akaja mwenyewe nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumkata mjukuu wangu?"

"Hatukati kitu. Mtoto akiwa tumboni ana damu isiyojipinda. Akishazaliwa, kuna jeni, yaani agizo la urithi ndani ya mwili, inayoizima damu ile. Sisi tunainyamazisha jeni hiyo, ili damu ile ya tumboni irudi."

"Kilichonyamazishwa kimekufa. Mimi mzee, usinifundishe kufa."

Mama mkwe akacheka. "Kufa unakujulia wapi? Wewe unajua kulala tu!"

Wakati huo ng'ombe walikuwa wanarudi, kimya kabisa. Kwetu jirani akifiwa, kengele ya ng'ombe wa mbele huzibwa nyasi, kundi lisipite na kelele mbele ya wafiwa. Daktari akawatazama.

"Baba, mbona kengele hailii?"

"Binti, huoni turubai pale? Jirani ana msiba. Tumeiziba nyasi."

"Umeivunja?"

"Nivunje kengele ya marehemu baba! Matanga yakianuliwa natoa nyasi, inalia kama kawaida."

"Basi na jeni ni vivyo hivyo. Haikatwi, haitolewi. Na dawa inakwenda kwenye damu, haikulengwa kwenye kizazi."

"Na mkiona mmekosea?"

"Tutajaribu kutoa nyasi. Maabarani imewezekana. Kwa mtu, sitakudanganya, bado tunajifunza."

Mzee akamwita mume wangu. "Njoo utie sahihi. Mwongo angesema anajua yote."

Holo alichomwa. Hakuamka mzima kesho yake, lakini maumivu yalipungua kidogo kidogo, akaanza kwenda shule bila kukatiza. Kila aliyemuuliza mzee kama mjukuu wake amekatwa, alijibiwa, "Kengele iliyozibwa nyasi haijavunjika." Watu wakaichukua. Sasa hata mtu akikaa kimya kikaoni, wanaisema. Kilichonyamazishwa bado kipo, usikizike.

Lakini msiifanye methali hii kuwa dawa. Yaepukeni haya:

Kununua mnadani chupa ya mtu anayesema naye ananyamazisha jeni.

Kumwachisha mtoto vidonge alivyopewa hospitali kwa sababu leo anacheka.

Kutia sahihi mkiwa na swali ambalo hamjauliza.

Kumficha mgonjwa ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Kuoana kabla ya kupima damu, wote wawili, maana selimundu hurithiwa kwa baba na mama.