Pimbi Aliyefukuzwa Akabaki

Hapo zamani za kale, na wewe huko nyuma acha kusukuma wenzako, wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na misiba kama sisi.

Katika Bonde la Mikwaju watoto walikuwa wakifa kwa kuharisha. Leo wa Swala, kesho wa Ngiri. Kila wakizika, Mzee Tembo, mkuu wa bonde, aliwakusanya wanyama wamtaje mchawi. Aliyetajwa alifukuzwa na wanawe mpaka nyikani kwa Chui. Na kweli, akishaondoka, watoto walipata nafuu! Matanga yakiisha, ugonjwa unarudi, anatafutwa mwingine.

Walipomfukuza Nungunungu, shoga yake Pimbi, Pimbi alinyamaza. Aliogopa. Yeye ni mdogo, mwalimu tu wa shule ya bonde.

Kisha akafa mtoto wa Nyati, na macho yote yakamgeukia Pimbi.

"Huyu anayeishi mapangoni!" Nyati alifoka. "Nani anajua anafanya nini humo?"

"Mzee wangu," Pimbi alimlilia Tembo, "mwanangu ni huyu mmoja tu aliyebaki. Huko nyikani hatutaamka!"

"Ondoka!"

Basi Pimbi akajitwika godoro, sufuria zikigongana kolong'! kolong'! Akalia njia nzima ili kila mtu amwone anakwenda. Alipofika nyuma ya kilima, akautupa mzigo, akarudi kwa kunyata mpaka kwenye ufa wa mwamba ulio juu ya ua wa Tembo mwenyewe. Fyu! Wakazama ndani, yeye na mwanawe.

Waliteseka humo. Mtoto akitaka kukohoa, anazibwa mdomo.

"Mama, tutakaa mpaka lini?"

"Mpaka nijue kama kweli sisi ndio tunaowaua wenzetu."

Maana, niwaambie ukweli, maskini alishaanza kujishuku mwenyewe.

Huko chini watoto wakapata nafuu. Ngoma zikalia, dum! dum! "Mchawi kaondoka!" Matanga yakaisha, matumbo yakaanza tena.

"Haya, sasa zamu ya nani?" akauliza Nyati.

Pimbi akatokeza kichwa ufani. "Sikwenda popote! Ugonjwa umeondoka nikiwa hapa, umerudi nikiwa hapa. Mlimponya nani kwa kunifukuza?"

Loo! Tembo alikaa chini puu!

Pimbi akawageukia wanafunzi wake. "Wakati wa matanga tunafanya nini ambacho siku nyingine hatufanyi?"

"Tunalala mikekani!"

"Hatuchoti maji lamboni," akasema Ngiri mdogo. "Maiti huoshewa kule, kwa hiyo tunaliachia lambo lipumzike. Tunakunywa maji yanayochuruzika mwambani."

"Sasa ni mikeka au ni maji? Tutajuaje?"

Wakakuna vichwa. "Tulale vitandani kama kawaida, Mwalimu. Tubadilishe maji tu!"

"Na kama nimekosea?"

"Watoto wataendelea kuugua, nasi tutakwambia."

"Upuuzi!" Nyati akapiga kwato. "Mimi nitakunywa ya lambo, nione!"

Akanywa, gubu gubu gubu! Wengine wote wakanywa ya mwambani. Watoto wakapona, na matanga hayapo, mikeka imekunjwa, hakuna aliyefukuzwa. Nyati peke yake ndiye aliyeshinda vichakani, akikimbia na kurudi, mkia juu.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Ngiri mdogo aliinua mkono. "Mwalimu, basi Nungunungu alifukuzwa kwa kosa gani?"

Tembo akatuma vijana waende nyikani wakamrudishe yeye na wanawe, na akaapa atamwomba radhi kwa magoti. Vijana walirudi jioni na miiba tu, wameishika viganjani, mikubwa na midogo.

Pimbi akaipokea. Alijaribu kuendelea kufundisha, akalia mbele ya wanafunzi wake. "Shoga yangu," alisema, "jaribio lenyewe lilikuwa jepesi hivi. Ningaliweza kulifanya kwa ajili yako."

Basi, wajukuu zangu, mkiona jambo limefuata jambo, jaribuni kwanza kabla hamjamhukumu mtu.