Rili Iliyofaulu Majaribio Yote

Hapo zamani, wala msiniulize zamani ipi, maana si ile ya fisi na sungura kuchumbia binti mmoja; ni zamani ya juzijuzi tu, simu zilikwisha kufika kijiji cha Mkaule lakini mtandao ulikuwa bado unakuja kwa miguu. Hapo palikuwa na mwanamke aitwaye Benigna, na Benigna alikuwa na mume mpoteza vitu.

Si kupoteza kidogo. Sevelini alipoteza makasia mawili katika msimu mmoja. Alipoteza ndala ya mguu wa kushoto, akanunua nyingine, akapoteza ya kulia. Pete ya ndoa ilimponyoka mtoni kabla ndoa haijatimiza mwezi. Wiki ile ninayoisimulia alikuwa amepoteza kisu chake cha kiunoni, akabaki anatembea na ala tupu kama askari wa maigizo.

"Baba Anzi," Benigna alimwambia, "siku moja utanipoteza na mimi."

"Wewe upotee wapi, mke wangu? Ukikohoa tu, ng'ambo ya mto wanaitika."

Kitu kimoja hakikumponyoka Sevelini: samaki. Mshipi ukiwa mkononi mwake, mkono ule ulikuwa na macho.

Sasa, pale Mkaule, ukingoni mwa mto Lihwemi, Bwana Fulgensi alikuwa na kambi ya wageni wanaolipa nauli ya ndege kuja kuvua samaki, wampige picha, kisha wamrudishe majini. Watu wa Mkaule walicheka mpaka wakazoea. Siku moja kikaja kisanduku. Ndani yake, juu ya kitambaa laini, imelala rili, ile mashine ya kukunjia mshipi inayofungwa juu ya fimbo ya kuvulia. Ndogo kama ngumi ya mtoto. Nyeusi, inang'aa kama kiatu cha paroko siku ya Pasaka. Bei yake, ng'ombe wawili na ndama.

Waliotengeneza walitaka ijaribiwe kwenye mto wenye samaki wakali, kisha waandikiwe ripoti. Ikifaulu, picha ya kambi itatoka kwenye kitabu chao cha matangazo, na wageni watamiminika. Fulgensi akawaita wapimaji watatu. Kasto, kiongozi wa wageni, mwenye mabega kama mlango. Modesta, fundi wa injini za boti, mwanamke anayesikia skrubu iliyolegea kama wewe unavyosikia mtoto akilia. Na Sevelini, kwa sababu ya ule mkono.

Fulgensi akaishika rili kwa vidole viwili, akamtazama Sevelini peke yake, akasema mbele ya watu wote: "Wewe nakujua. Hii ikienda na maji, Sevelini, nenda nayo. Usirudi hapa."

Watu wakacheka. Benigna, aliyekuwa mpishi wa kambi, alikuwa mlangoni na sufuria ya wali. Hakucheka.

Siku ya kwanza wakapima kurusha. Rili ya aina ile ina gurudumu linalozunguka lenyewe mshipi unapotoka, na breki yake ya kwanza ni kidole gumba cha mrushaji. Kasto akarusha kwa mabega. Gurudumu likazunguka kuliko mshipi ulivyokwenda, mshipi ukafumana ukawa kiota, ndege angeweza kutaga humo. Wakakaa saa nzima wanafumua. Sevelini akaichukua, akaweka gumba kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala, akarusha. Chambo kikaenda, kikaenda, kikatua karibu na ng'ambo bila hata kuchubua maji.

"Mashine ya ajabu!" akasema Fulgensi, akaandika. Rili ikasifiwa. Mkono haukuandikwa.

Siku ya pili Modesta akaifungua. Akapanga beringi kwenye kanga kama anapanga dawa, akazihesabu, akazipaka grisi, akazirudisha. Kisha akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya mto, yale yale mekundu yenye mchanga. Juu ya rili pana kitufe: ukikibonyeza, gurudumu linaachia, mshipi unakwenda huru. Akabonyeza mara kumi. Mara saba kiliachia. Mara tatu kilikwama.

Akaenda kwa Fulgensi. "Bosi, kitufe kinakwama kikila mchanga."

"Wageni wangu hawavui mchanga, Modesta. Andika: kitufe kinahitaji kuzoeleka."

Modesta akaandika hivyo hivyo. Rili ikasifiwa.

Siku ya tatu ikawa ya nguvu. Pembeni mwa mkono wa kuzungushia pana breki ya pili, kama nyota ndogo: ukiilegeza, samaki akivuta mshipi unateleza, ukiikaza, mshipi haupungui hata nywele. Kasto akakaza mpaka mwisho, akapitisha mshipi juu ya tawi la mti, akafunga gunia la mchanga, akalinyanyua. Mshipi wa kusuka, haukukatika. Rili haikulia. Watu wakapiga makofi, na wakati huohuo Benigna akaita, "Wali tayari!"

Kasto alipenda vitu viwili duniani, cha pili kilikuwa kupigiwa makofi. Akaiegemeza fimbo ukutani, akaenda kula. Breki ikabaki imekazwa mpaka mwisho.

Siku ya nne ilikuwa ya samaki wa kweli. Asubuhi kweupe, Fulgensi na kamera shingoni, Sevelini juu ya jabali lililo kando ya maji marefu, Benigna amemletea uji. Wavuvi wa Mkaule wana desturi: wakivuka mkondo, hufunga kasia kwenye kifundo cha mkono, likiponyoka lisiende mbali. Benigna akauona ule mkono umeishika rili yenye bei ya ng'ombe, akakumbuka ndala, pete, kisu. Akakumbuka neno la Fulgensi. Akachana upindo wa kitenge chake, akaufunga: ncha huku kwenye fimbo, ncha huku kwenye kifundo cha mumewe, mafundo matatu.

"Unanifunga kama mbuzi wa sikukuu!"

"Mbuzi hapotezi vitu."

Sevelini akacheka, akajaribu kuchomoa mkono. Fundo halikutoka. "Umefunga kweli wewe."

"Nimefunga."

Lakini kasia, ndugu zangu, halivutwi na samaki.

Akarusha. Chambo hakikukaa hata muda wa kupuliza uji ukapoa. Kambare akakichukua, kambare wa yale maji marefu, wale ambao wazee huwataja kwa umri. Fimbo ikainama. Breki ilitakiwa iteleze, haikuteleza. Sevelini akaburuzwa hatua moja kwenye jabali lenye ukoga, akaburuzwa ya pili. Benigna akaona gumba la mumewe likishuka kwenye kitufe na kupanda, likishuka na kupanda, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba isiyo na watu. Kisha mkono wa pili ukaenda kiunoni. Ukaikuta ala. Ala ilikuwa tupu.

Akamgeukia mkewe.

Akaenda nayo.

Walimkuta kesho yake adhuhuri, kilomita mbili kufuata mkondo, mshipi umejizungusha kwenye mizizi. Ndoano ilikuwa imenyooka. Kambare alikwisha kwenda zake. Mafundo matatu yalikuwa pale pale. Ilibidi yakatwe. Na Fulgensi, sijui ni mshtuko, sijui ni mazoea ya mkono, aliinua rili akauzungusha mkono wa mashine mara moja. Ikazunguka bila kelele, laini kabisa, kama imetoka kwenye kisanduku.

Modesta akamwambia, "Iandike na hiyo."

Sasa sikilizeni desturi ya Mkaule. Mtu akifa maji, kaburi lake halichimbwi mpaka mwenye kosa ajitaje na kukata udongo wa kwanza. Atakayeukata hatatia tena mguu katika mto Lihwemi mpaka naye azikwe. Hatavua, hatavuka, hatachota. Na jua likizama bila mtu kujitaja, marehemu hulazwa porini, mbali na ukoo wake, kama mtu aliyeokotwa.

Kwa hiyo pale makaburini, pembeni ya kaburi la baba yake Sevelini, mwili ulikuwa umefunikwa shuka. Bibi Yustina, mama wa marehemu, amekaa chini na jembe mapajani. Jua lilikuwa limeshainama. Benigna alitaka kitu kimoja tu: mumewe alale kwa baba yake. Alikuwa amepoteza vitu vyake vyote duniani, basi yeye mwenyewe asipotezwe.

"Nani?" akauliza Bibi Yustina.

Kisha, kama kawaida ya watu, kila mmoja akampata mwenzake wa kulaumu.

"Kasto ndiye aliyekaza breki," akasema Fulgensi. "Nani alimwambia aiache vile?"

"Breki ni kitu cha kukagua kabla ya kurusha!" Kasto akafoka. "Na kitufe je? Kitufe kingeachia, angekuwa hapa ananicheka. Modesta alijua!"

"Nilijua, nikasema."

"Ulimwambia nani? Ulimwambia anayepiga picha au anayeshika fimbo?"

Modesta akamwonyesha Fulgensi kwa kidevu. "Yeye ndiye aliyeniandikisha uongo."

"Nilikuandikisha kwa rungu?" Fulgensi akajibu. "Na tusidanganyane, jamani. Breki ile, kitufe kile, angeiachia fimbo tu ingekwenda na yeye akabaki. Hakuiachia kwa sababu alifungwa." Hakumtaja aliyefunga. Wala haikuhitajika; watu wote wakaangalia kitenge cha Benigna, pale upindo ulipochanika.

Benigna akainuka. Akaenda mpaka kwa mama mkwe, akapiga goti, akalishika jembe.

"Mama, ni mimi. Nilifunga mafundo matatu. Moja lingetosha. Aliniambia nimefunga kweli, nikajisifu."

"Shamba lako liko ng'ambo, mwanangu," Bibi Yustina akasema polepole. "Watoto watakula nini?"

"Sijui, mama. Lakini atalala hapa."

Hapo yale mabega yote ya Kasto yakashuka. Akaja akashika mpini juu ya mkono wa Benigna. "Shemeji, achia. Fundo lako lilikuwa la kumshika mtu. Mkono wangu ndio uliokaza breki, na haukurudi kuilegeza, kwa sababu tumbo liliitwa. Mimi ni mtu wa mto tangu nazaliwa. Ndiyo maana ni mimi ninayestahili kunyimwa mto."

Modesta akaja. "Achieni, wote wawili. Ninyi hamkujua. Wewe Kasto ulisahau, na Mama Anzi aliogopa. Mimi nilihesabu. Mara tatu kati ya kumi, nilihesabu kwa kinywa changu, nikaenda kumwambia mwenye kambi nikamwacha mwenye mkono. Siku ya nne nilikaa karakana nikimsikia anacheka kule jabalini. Nilijua, nikaendelea kusugua plagi."

Wakabaki watatu kwenye mpini mmoja, hakuna anayeachia. Ndipo Fulgensi akaivua kamera shingoni, akaiweka juu ya udongo. Wengine walisema anaogopa macho ya watu. Wengine walisema analia kweli. Mimi nasema tu alichosema yeye.

"Huyu mama hakumfunga mumewe kwa kitenge. Alimfunga kwa neno langu. Nilisema ikienda, nenda nayo, na watu wakacheka, nikafurahi kuchekewa. Fundi aliniambia kasoro, nikaipamba. Kasto alikaza breki kwa amri yangu. Kambi yangu iko mtoni; nikikata udongo huu, kambi imekwisha. Nipeni."

Akaweka mkono wake juu ya mikono yao.

Bibi Yustina akaitazama ile mikono minne. Akanyoosha kidole kwenye shuka. "Na huyu? Kisu chake kiko wapi? Nilimzaa, nikamlea, nikamwokotea kila alichoangusha tangu ana miaka miwili. Sikumfundisha kushika. Basi ongezeni na mkono wa tano."

Lakini hakuweza kuinuka, na hakuna aliyemwinua.

Mwanga ukawa mwekundu juu ya makaburi. Wachimbaji wamesimama na majembe yao, wanasubiri lile moja. Kambini, juu ya meza, ripoti iko wazi na mstari wa mwisho haujajazwa, na karibu yake rili imekauka, imepanguswa, nzima, haina hata mkwaruzo.

Jembe ni moja. Udongo wa kwanza unakatwa mara moja. Nyinyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, mimi sikuwa na mkono pale. Na msizunguke, maana jua limebaki kidole kimoja, na Benigna bado ameshika mpini chini ya mikono yote, anamwangalia mumewe aliyepoteza kila kitu.

Haya, semeni upesi kabla halijazama: kati ya hao, nani alistahili kulishika lile jembe?