Mtoto wa Mgongoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na wa nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limesahaulika, alikuwako mtu akiitwa Shemboza. Kila alfajiri watu walikusanyika uwanjani kumwomba Mungu, na Shemboza ndiye aliyewaongoza. Akiita, "Mola wetu!" wao huitika, "Tuko kwako!" Na kila akiita, kifua chake kilijaa joto, kama mtu aliyekunywa uji wa moto.

Mkewe, Nakiete, akafa. Joto likaondoka.

Shemboza akaita, "Mola wetu!" Kifua kimya. Akafunga, kimya. Akalia, kimya. Kimya, kimya, kimya!

Na jirani yake Mhina je? Mhina yule mlevi, aliyezoea kulala zizini na mbuzi, alikuwa ameacha pombe msimu uleule. Sasa kila alfajiri alitetemeka, machozi yakimtiririka, huku akicheka.

"Amenijia! Jamani, Mungu amenijia tena!"

Shemboza alimtazama, na mate yakawa machungu kinywani. Mimi nimemtumikia tangu ujana, alijisemea. Huyu hata tumbo halijakauka pombe. Kwa nini yeye? Akaichukia sauti ya Mhina. Akakichukia kicheko chake. Hata kikohozi chake alikichukia.

Mwisho akafunga mzigo wake. Alikusudia kuhamia mbali, asikoitwa na mtu kwenye maombi, wala asimwombe Mungu tena. Lakini kwanza akaenda kumuaga Bibi Namkunda, mkunga aliyempokea siku aliyozaliwa.

Alimkuta akitwanga mahindi, kitukuu chake kikiwa mgongoni, kimefungwa kwa mbeleko. Tii! Tii! Tii! Kando yake, mke wa mjukuu wake alikuwa akinyonyesha kichanga. Yule wa mgongoni aliona, akaangua kilio.

"Karibu, mume wangu," alisema bibi. "Mbona na mzigo? Umekuja kunitorosha?"

"Naondoka, bibi. Maombi mpeni Mhina. Ndiye anayependwa."

"Mhina? Unamwonea wivu Mhina?" Bibi akacheka hata mchi ukamponyoka.

Shemboza hakucheka. "Mungu amenitupa, bibi."

Bibi akauokota mchi, akaufuta. "Huyu wa mgongoni anaona nini?"

"Anauona mgongo wako."

"Na uso wangu?"

"Hauoni. Ndiyo maana anamwonea gere mdogo wake."

"Kichanga hukaa kifuani, shingo yake bado laini. Huyu kakaza shingo, nikamweka nyuma. Basi nimemtupa?"

"Lakini yeye analisikia joto lako! Mimi sisikii kitu."

Tii! Tii! Tii! Kilio kikapungua. Mtoto akasinzia, kichwa kikaning'inia.

"Na sasa analisikia?"

"Hasikii. Amelala."

Bibi akaweka mchi chini, akainama, akalivuta fundo la mbeleko.

"Asiposikia ndipo ninapomkaza," alisema. "Akiwa macho hunishika mwenyewe."

Shemboza akaketi juu ya mzigo wake. Kisha akaubeba, akarudi nao nyumbani.

Alfajiri akaita, "Mola wetu!" Kifua kimya. Mhina akatetemeka, na wivu ukamchoma Shemboza ubavuni. Akaita tena.

Masika yakaja, yakapita. Siku moja Mhina alimfuata, uso umemsawijika.

"Kaka, leo sikumsikia. Jana pia. Nadhani amenichoka."

Neno lilimjia Shemboza mdomoni, tamu na baya: Umeyaona sasa! Akalimeza. Lilishuka kwa shida.

"Hajakuchoka," alisema.

"Umejuaje? Wewe unamsikia?"

"Simsikii, tangu Nakiete alipofariki. Lakini kila kukicha nimesimama pale uwanjani, na nguvu hizo, Mhina, si zangu."

Mhina akamtumbulia macho. "Siku zote hizo? Nami nikikupigia kelele za furaha masikioni?"

"Kelele nyingi sana," alisema Shemboza, na kwa mara ya kwanza akacheka pamoja naye.

Basi, wasikilizaji wangu, moyo ukikauka, msihesabu machozi ya furaha ya jirani. Mungu hupenda hata pale asiposikika.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Aliyeisikia aende nayo.