Mlango wa Sultani Tamimu

Palikuwa na sultani, Tamimu jina lake, aliyetaka mlango wake useme kwamba amesifiwa. Si kwa Kiswahili. Kiswahili, alisema, hata muuza mbaazi anacho. Alitaka Kilatini, kwa sababu hapo barazani palikuwa na mgeni, Padri Anselmo, aliyekuwa akikijua.

Akaitwa Fundi Shomvi, mchonga milango. Maskini wa kutupwa, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi yake.

Padri akaandika kwenye karatasi: *Laudatus sum*. Yaani, nimesifiwa.

"Mbona maneno mawili?" Sultani akauliza.

"Hili la pili ni kitenzi kisaidizi, Maulana. Katika Kilatini, 'nimesifiwa' haisimami bila msaidizi."

Sultani akavimba. "Mimi nisaidiwe? Na neno lenye herufi tatu? Fundi! Lichonge bila hicho kisaidizi. Ijumaa nataka neno moja, tena lenye maana. Likikosa maana, nakata mkono huo unaoshika patasi."

Padri akajaribu kueleza. Akaambiwa anywe kahawa yake.

Shomvi akaenda nyumbani, asile, asilale. Mkono ule ndio uliokuwa ukiwalisha mkewe na mama mkwe. Siku ya pili akamfuata Padri, akamuuliza maswali mpaka Padri akaishiwa na mate. Kisha akachonga.

Ijumaa, watu wamejaa, Sultani akatoka. Juu ya mlango pameandikwa: *Laudatus*.

"Padri, soma."

"Aliyesifiwa, Maulana."

"Nani?"

Padri akakohoa. "Halisemi."

"Fundi! Mimi niko wapi hapo?"

"Ulikuwa ndani ya *sum*, Maulana," Shomvi akajibu. "Ndiyo iliyokuwa imebeba 'mimi'. Ulipomfukuza msaidizi, akaondoka na wewe."

Watu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Asubuhi kapita mchota maji na punda wake," Shomvi akaendelea. "Padri akamsomea. Akasema ahsanteni, punda wangu anastahili."

"Kimya! Nataka neno moja. Mimi niwe ndani, sifa ziwe ndani, msaidizi awe nje!"

"Lipo, Maulana. *Laudavi*."

Uso wa Sultani ukakunjuka. "Eeh! Maana yake?"

"Nimesifu."

"Nimemsifu nani? Mimi sisifu mtu!"

"Ndivyo Walatini walivyopanga. Mwenye kusifu anasimama peke yake. Mwenye kusifiwa ndiye anayetafutiwa wa kumshikilia."

"Unanifundisha adabu?"

"Mimi? Mimi nachonga tu. Hiyo ni sarufi."

Sultani akamgeukia Padri. Padri akatikisa kichwa kwa huzuni: ndivyo ilivyo.

"Basi tuachane na Kilatini!" Sultani akafoka. "Lugha isiyojua mfalme ni nani! Andika kwa Kiswahili. Nimesifiwa. Neno moja, limekwisha!"

"Vema." Shomvi akapanda ngazi, akaweka patasi ubaoni. Akasita. "Lakini Maulana, msomaji ataliona, 'Nimesifiwa', kisha atauliza: na nani? Nimwandike nani?"

Sultani akamtazama waziri wake, aliyesimama kando. Waziri akajitutumua, akatabasamu.

"Usimwandike mtu!" Sultani akapiga kelele. "Nikimtaja mtu, huyo si msaidizi tena? Sikiliza, fundi. Neno moja. Mimi ndani, sifa ndani. Pasiwe na msaidizi, wala asiwepo wa kuulizwa 'na nani'. Usipolipata sasa hivi, mwite mkeo aje auage mkono wako!"

Shomvi akafuta jasho. Akaupuliza ubao vumbi.

"Lipo, Maulana. Halihitaji msaidizi, wala waziri, wala raia hata mmoja."

"Litaje!"

"*Nimejisifu*."