Mkate wa Mayai wa Bi Pimbi

Paukwa.

—Pakawa.

Makaa?

—Juu na chini.

Mkate?

—Haufunuliwi.

Na wewe uliyelala huko nyuma?

—Nipo, nasikia.

Haya, sogeeni. Anayetafuna mahindi atafune polepole, maana ngano hii ina harufu, na mimi sirudii.

Hapo kale, na si kale sana, palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa majabalini, mkia hana, shingo hana, ukimwona kwa mbali utadhani mtu kaangusha kofia. Lakini kwa mkate wa mayai, Bi Pimbi hakuwa na mwenzake. Sisemi mkate wa hamira, huo kila mtu anaweza. Nasema mkate wa mayai wenyewe: mayai na sukari vinapigwa mpaka vinakuwa vyeupe na vizito, unga unanyunyizwa kidogo kidogo, iliki inatiwa, basi. Hauna cha kuuinua ila mkono wa mpigaji. Mkono ukilegea, mkate unalala.

Bi Pimbi mkono wake ulikuwa mfupi, ila alikuwa na binti, Sikudhani. Walikuwa wakipokezana. Mama anapiga, chapu chapu chapu, akichoka ananyosha bakuli upande wa kushoto anasema, "Pokea." Sikudhani anapokea, chapu chapu chapu, akichoka naye anarudisha, "Pokea." Hivyo hivyo mpaka mayai yanakuwa kama povu la sabuni. Halafu sufuria inapakwa samli, inategwa jikoni, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na Sikudhani anakaa pembeni akiuimbia mkate:

*Umuka, umuka,*
*mgeni yu njiani;*
*ukilala, ukianguka,*
*nitamlisha nini?*

Sasa, kila mwaka baada ya mavuno, wanyama wa Majabalini walifanya maonyesho. Huyu analeta boga, huyu analeta muhogo, na mwisho kabisa ndiyo mashindano yenyewe, ya mkate wa mayai. Mwamuzi alikuwa Mzee Tembo. Mshindi hakupewa kikombe wala kanga. Mzee Tembo aliinua mkonga akalipuliza jina lake, puuuuu, na jina likavuka bonde, likavuka mto, likafika hata kwa watu wasiotujua.

Mnadhani Bi Pimbi alipulizwa jina? Thubutu. Kulikuwa na Bwana Nyani.

Bwana Nyani alikuwa na kifua kipana, mikono mirefu na tumbo lisilojua neno "basi". Kila mwaka, asubuhi ya maonyesho, alipiga hodi mlangoni kwa Bi Pimbi. "Nipe nikubebee, Bi Pimbi. Wewe mdogo, mkate mzito."

"Mkate wa mayai hauna uzito, Bwana Nyani."

"Ndiyo maana nakuhurumia. Nipe nikubebee."

Na anaubeba. Na sheria ya maonyesho ilisema aliyeshika sahani ndiye mpishi. Mzee Tembo alikuwa mrefu mno, macho yake yaliishia kwenye sahani. Kwa hiyo kila mwaka mkonga ulipuliza, puuuuu, Bwana Nyaaani, na Bi Pimbi alisimama chini pale kwenye vumbi akipiga makofi pamoja na wengine. Angefanyaje?

Mwaka mmoja Sikudhani alikataa kupiga makofi. Walipofika nyumbani akautundika mchapo, kile kifaa cha vijiti cha kupigia mayai, kwenye msumari wake.

"Mama, nimechoka kumpigia Nyani mayai."

"Mwanangu, yule ana nguvu."

"Basi na apige mwenyewe. Mimi naenda ng'ambo ya mto, kwa shangazi. Siku nikisikia jina lako limepulizwa, nitarudi."

Bi Pimbi alidhani ni hasira za asubuhi, zitapoa akifika mtoni. Hazikupoa. Mtoto akavuka, mama akabaki na jiko.

Msinicheke nikisema aliumia. Kuna mtu akiondoka nyumba inakuwa kubwa hujui uiweke wapi. Bi Pimbi alipika uji akajikuta ametoa vikombe viwili. Aliosha kimoja, akakirudisha, kesho yake akakitoa tena. Akipiga mayai, mkono ukichoka, alinyosha bakuli upande wa kushoto akasema, "Pokea." Bakuli likabaki hewani. Alilivuta akaendelea peke yake, lakini mayai hayasubiri mtu anayewaza, yakalala. Mkate ukatoka mwembamba mfano wa chapati. Hata hivyo maonyesho yalipofika Nyani aliubeba, akashinda nao, maana waliobaki walikuwa hawajui kupika kabisa.

Kila jioni alipanda juu ya jabali akatazama ng'ambo. Aliona moshi wa majiko ya watu. Alijiuliza moshi upi ni wa kwa shangazi, na kama mtoto amekula. Alitamani kumwita, lakini sauti ya pimbi mmoja haivuki mto.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya maonyesho, kabla umande haujakauka, hodi hodi.

"Nipe nikubebee, Bi Pimbi. Wewe mdogo, mkate mzito."

"Nikupe nini, Bwana Nyani? Tazama jiko."

Nyani akatazama. Jiko baridi. Mayai yamo kwenye kikapu, mazima. Unga umo kwenye kopo. Mchapo uko kwenye msumari.

"Mkate wangu uko wapi?" akauliza.

"Mkono wangu umekwisha. Sikudhani hayupo. Mwaka huu hakuna."

"Hakuna? Na Mzee Tembo atapuliza jina la nani?"

"Sijui. Labda la mwenye boga."

Nyani akaketi chini. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha waalika wakwe zake waje wasikie. Bi Pimbi akamwacha kidogo, aive. Kisha akasema kwa upole:

"Lakini mkono kama wako ule, Bwana Nyani, ungepiga mayai yakapanda mpaka dari. Mimi nitakuelekeza tu. Utapiga mwenyewe, utapika mwenyewe, na mkate utakuwa wako kweli. Mwaka huu hutahitaji hata kusema uongo."

Nyani akafikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri sana. Akatwaa mchapo.

Chapu chapu chapu. Akipunguza, Bi Pimbi anasema, "Bado." Chapu chapu chapu. "Bado, Bwana Nyani." Jasho likamtoka puani. "Bado kidogo." Ndugu zangu, mayai yale yalipigwa kama yana kesi. Yakawa meupe, yakawa mazito, ukichora mstari kwa kidole haufutiki. Bi Pimbi akatia unga na iliki, akachungulia bakuli. Tangu Sikudhani aondoke hakuwa ameona mayai yaliyopanda namna ile.

"Sasa kachote makaa kwa jirani," akamwambia. "Ya kutosha juu na chini."

Nyani alipogeuka, Bi Pimbi akagawa. Nusu kwenye sufuria kubwa, nusu kwenye sufuria ndogo. Nyani akarudi na makaa, akamkuta anaifunika ile ndogo kwa kitambaa.

"Hiyo nini?"

"Dawa ya mgongo. Ya kike. Haipikwi mbele ya mwanamume."

Nyani akaangalia pembeni kwa aibu. Wakubwa hao, waambie dawa ya kike uone watakavyojifanya wanatazama mawingu. Bi Pimbi akachukua sufuria ndogo na makaa yake, lakini kabla hajaondoka akamwonya:

"Huo wako usiufunue. Mkate wa mayai ni bibi harusi, haufunuliwi kabla ya saa yake. Nitakuita mimi."

"Mimi nina subira," akasema Nyani.

Bi Pimbi akaenda nyuma ya jabali, upande unaotoka upepo, akatega sufuria yake, makaa chini, makaa juu. Na sufuria ndogo, kama mjuavyo, huwahi kuiva. Punde harufu ikaanza. Iliki, samli, sukari inayogeuka rangi. Upepo ukaibeba moja kwa moja mpaka puani kwa Nyani.

Nyani akanusa. "Umeiva huu." Akafunua, kwaa. Jivu likaanguka ndani, pu. Mkate ukashusha pumzi, fyuuu, ukashuka. Akafunika haraka.

Harufu ikazidi. Nyani akanusa. "Sasa ndiyo umeiva." Akafunua, kwaa. Kaa zima likaanguka ndani, chubwi. Mkate ukashusha pumzi, fyuuu, ukashuka tena. Akafunika.

Bi Pimbi huko nyuma alisikia kila kwaa na kila fyuuu. Hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya sufuria yake mahali alipokuwa akikaa Sikudhani, akajaribu kuuimbia mkate. *Umuka, umuka, mgeni yu njiani.* Ule wimbo hakuwa amewahi kuuimba yeye, ulikuwa wa mtoto. Alipofika kwenye "nitamlisha nini" akaacha mkate umalizie wenyewe.

Alipotoka na kusema, "Haya, Bwana Nyani, tayari," Nyani alikuwa amekwisha kuuepua. Aliugeuza juu chini, akaufunika kwa kawa, akaukumbatia.

"Nikubebee?" akauliza Bi Pimbi.

"Koma," akasema Nyani, akakimbia uwanjani.

Uwanja umejaa, wakwe wako mbele. Mzee Tembo akateremsha macho mpaka kwenye sahani. "Mkate huu wa nani?"

"Wangu," akasema Nyani. "Mayai nimepiga mwenyewe, makaa nimechota mwenyewe, jikoni nimekaa mwenyewe. Ni huu, sina mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza Nyani kusema kweli katika mashindano yale, na kweli ndiyo iliyommaliza. Mzee Tembo akatia kipande mdomoni. Kwachu. Akatafuna, kwachu kwachu. Akatema kaa mbele ya wakwe.

"Bwana Nyani," akasema, "huu ungeuacha uendelee kuchemshia chai."

Hapo ndipo Bi Pimbi alipopanda juu ya boga la maonyesho, lile kubwa kuliko yote, akasimama na sahani yake kichwani. Mkate ulikuwa wa rangi ya asali, umepanda, umejaa. Mzee Tembo akala. Akala tena.

"Wewe nani?"

"Bi Pimbi wa hapa hapa."

"Mbona miaka yote sijakuona?"

"Nilikuwepo," akasema Bi Pimbi.

Nyani harufu ile aliijua. Alitaka kusema mayai yale ni mkono wake, lakini alikuwa amekwisha sema wake ni upi, na alikuwa bado ameushika. Wakwe walikuwa wanakusanya viatu.

Mkonga ukainuka. Puuuuu. Bi Piiimbi. Jina likavuka bonde, likavuka mto, likapotelea ng'ambo.

Bi Pimbi hakukaa kucheza ngoma. Alikata kipande, akakiweka nyumbani chini ya kawa, akatoa vikombe viwili, akapanda juu ya jabali. Jua likashuka, hakuja mtu. Kesho yake akatoa vikombe viwili, hakuja mtu. Kipande kikaanza kukauka pembeni. Alijiambia labda upepo ulikuwa mbaya. Alijiambia labda mtoto amesikia, na ameona ng'ambo ni kuzuri zaidi. Hilo la pili lilimliza.

Akiwa anakiosha kikombe ili akirudishe, akasikia nyuma yake:

"Hodi, Mama. Mto umejaa, nimezungukia mbali."

Hawakusalimiana sana. Sikudhani alikaa mahali pake, akafunua kawa, akauma kile kipande kilichokauka. Akaacha kutafuna.

"Nani amekupigia mayai? Huu si mkono wako."

"Nyani."

Sikudhani alicheka mpaka makombo yakamtoka puani. Kisha akafuta macho. Bi Pimbi akautoa mchapo kwenye msumari, akavunja mayai bakulini, akaanza. Chapu chapu chapu. Mkono ulipochoka, akanyosha bakuli upande wa kushoto bila kutazama.

"Pokea," akasema.

Likapokewa.

Funzo la ngano hii ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Bi Pimbi alivumilia mwaka baada ya mwaka, hakula kitu. Asubuhi moja tu akadanganya, akala mkate, akapulizwa jina, na mwanawe akarudi. Kwa hiyo wanangu, vumilieni, wala msidanganye mtu.

Makaa?

—Juu na chini.

Mkate?

—Umeliwa.

Basi pukuteni makombo mkalale. Na vikombe muoshe vyote.