Ngiri Aliyepakiwa Mawe Yote

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wenye usingizi? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na magari. Watu bado hawakuwa nayo. Gari lilikuwa ubao, magurudumu manne ya gogo na kamba ya kuvutia. Kupanda mlima unalivuta. Kushuka unarukia juu yake, unashika kamba, unamwomba Mungu.

Kila kiangazi wanyama walishindana. Walikizunguka Kilima cha Upara tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kupanda, kushuka. Kupanda, kushuka. Kila ukimaliza mzunguko, Mama Mbuni alitia mbegu moja kwenye kibuyu chako. Jua likizama, mwenye mbegu nyingi kashinda.

Zawadi ilikuwa maji. Bwawa lilikuwa moja tu, chini ya kilima. Ukoo wa mshindi ulikunywa kwanza, maji yangali safi, mpaka kiangazi kingine. Wa mwisho alikunywa tope.

Na nani alikunywa tope kila mwaka? Ngiri. Yeye, mkewe na watoto wao. Mwaka ule mtoto wao mdogo, Kidundu, aliugua. Tumbo lilivimba kama boga. Mama yake akasema, "Baba Kidundu, huyu hawezi mwaka mwingine wa tope."

"Nimesikia, mke wangu," akasema Ngiri.

Sasa sikilizeni desturi yao. Siku moja kabla ya mashindano ilikuwa siku ya majaribio. Kila mmoja alikizunguka kilima mara moja, Mama Mbuni akitazama kwa shingo yake ndefu. Kazi yake ilikuwa kuwasawazisha. Aliyekwenda kasi alipakiwa mawe garini. Aliyekwenda kasi kuliko wote alipakiwa mawe na kuzibwa tundu moja la pua kwa gunzi la hindi. Aliyejikongoja hakupakiwa kitu. Kwa hiyo kesho yake wote walikaribiana, na mbio zikanoga.

Duma alikuwa bingwa. Kila mwaka mawe, kila mwaka gunzi. Alipumua fyuu-pu, fyuu-pu, na bado alishinda. Gari lake lilichongwa na fundi Nyegere. Lilikuwa pana, refu, na ubao wa mbele umeinuka kama sinia lililoegemezwa ukutani. Nyati na Pundamilia walipoliona, nao wakataka kama hilo. Nyegere akawachongea.

Mwaka ule Duma alichoka kubeba mawe. Akawaita Nyati na Pundamilia pembeni.

"Jamani, kesho kwenye majaribio twende polepole. Mama hatatupakia hata kokoto. Keshokutwa tutakwenda kama upepo."

Fundi Nyegere akakohoa. "Bwana Duma, magari haya niliyachonga nikijua yatabeba mawe. Hayajawahi kukimbia tupu."

"Fundi, wewe chonga. Kasi niachie mimi."

Siku ya majaribio ikafika. Lo! Hamjaona mbio kama zile. Duma alichechemea mguu wa kulia. Kidogo akasahau, akachechemea wa kushoto. Nyati alilala katikati ya njia, akasema ana kizunguzungu. Pundamilia akasimama kumpepea.

"Tangulia, Bwana Nyati."

"Aa, tangulia wewe."

"Siwezi. Nakuheshimu mno."

Konokono akawapita. Konokono hakuwa mshindani. Alikuwa anakwenda kwa shangazi yake.

Ngiri naye alikuwa amezisikia habari za mpango ule. Akajaribu. Akaburuta miguu, kwaru, kwaru. Lakini ngiri mnamjua. Ngiri akikimbia kwa moyo wote, mkia unafanyaje?

— Unasimama wima!

Kidundu alikuwa kando ya njia, ameegemea ubavu wa mama yake. Akamwona baba yake. Akatoa kisauti, "Baba! Kimbia, baba!"

Mkia ukafanyaje?

— Ukasimama wima!

Na miguu ikaufuata mkia. Tuku-tuku-tuku-tuku! Akampita Duma. Akampita Pundamilia. Akamruka Nyati. Akamwomba radhi Konokono. Akafika, akajiona yuko peke yake, akajua ameharibu.

Mama Mbuni akashusha shingo. "Mwenye kasi mwaka huu ni Ngiri. Mpakieni."

Mawe yote yakawa ya Ngiri. Wakamziba na pua. Gunzi la Duma likaingia likatoka, kwa upana wa pua ile. Ikabidi watafute gunzi la hindi kubwa, nene kama ngumi. Nyati akacheka mpaka kizunguzungu kikamjia kweli.

Nyumbani Ngiri aliinamisha kichwa. "Nimetuponza, Mama Kidundu. Ni huu mkia."

"Mkia wako haujamkosea mtu," akasema mkewe. "Njoo unishikie kamba."

Gari lao alilichonga Mama Kidundu mwenyewe. Lilikuwa fupi na la chini, kama ngiri anayepiga magoti kula majani. Wengine walikuwa wakirundika mawe juu ya ubao, yanatikisika kama meno ya mzee. Yeye aliyafunga chini ya ubao, katikati ya magurudumu, moja moja, akakaza. Asubuhi Mama Mbuni alipita kukagua. Akaingiza kichwa chini ya gari.

"Yote yapo?"

"Yote yapo, mama."

"Basi mimi sina neno."

Jua likachomoza. Ngoma ikalia. Du!

Duma akaondoka, vuuu! Pundamilia, vuuu! Hata Nyati, vuuu! Mlimani walipanda kama hawana magari nyuma yao. Na Ngiri? Kriii. Fyuu-pu. Kriii. Fyuu-pu. Duma akampita mara ya kwanza, akamwita, "Mzee wa mawe! Unajenga nyumba?" Akampita tena. "Umefika kwenye msingi au kwenye ukuta?"

Ngiri hakujibu. Pua moja haitoshi kupumua na kujibu.

Mpaka adhuhuri kibuyu cha Duma kilikuwa kinalia shaka-shaka kwa mbegu. Cha Ngiri kilikuwa kinalia tik.

Jua likaegemea. Ukaja upepo wa alasiri, ule unaopanda kutoka bondeni. Kila mwaka huja. Kila mwaka magari yalikuwa na mawe, hakuna aliyeujali.

Duma akafika kileleni. Akarukia gari. Akashuka, vuuu! Upepo ukaingia chini ya lile sinia la mbele. Gari likainua pua. Likainua magurudumu. Likainua Duma. Akakiona kilima kiko chini yake. Akaliona jua. Akauona mkia wake mwenyewe. Akakiona kilima tena.

"Fundiii! Nashukaje?"

"Subiri!" akajibu Nyegere kutoka chini. "Utashuka tu!"

Chubwi! Kwenye tope, lile lile la akina Ngiri.

Pundamilia akaja nyuma yake. Vuuu, fyaaa, chubwi! Juu ya Duma. Nyati alikuwa mzito, hakuruka. Gari lake liliruka peke yake, likamwacha amekaa njiani, ameshika kamba.

Kisha Ngiri akafika kileleni. Akapanda gari lake. Upepo ukaja, ukatafuta pa kuingilia. Chini kuna mawe. Upepo ukapita juu, ukamchana nywele za shingo. Gari likashika ardhi kama kupe. Tuku-tuku-tuku, hadi chini. Mama Mbuni akatia mbegu. Tik.

Duma alitumia saa nzima kulitoa gari matopeni. Akajaribu tena. Chubwi! Akatoka, masikio yamejaa tope, akamwona Ngiri anapita.

"Ngiri! Ndugu yangu! Nigawie mawe mawili tu!"

Ngiri akavuta pumzi. "Haya nimeyapata kwa mbio zangu. Kayatafute kwa mbio zako."

Duma akakimbilia kwa Mama Mbuni. "Mama, nipakie mawe! Mimi nina kasi sana!"

"Wewe? Jana si ulikuwa unaumwa mguu?"

"Sikuwa naumwa, mama! Nilidanganya!"

"Mguu gani, wa kulia au wa kushoto?"

Duma akaitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine.

"Majaribio yalikuwa jana, mwanangu," akasema Mama Mbuni.

Basi Duma akalazimika kuteremka kwa miguu, hatua kwa hatua, amelishika gari lisiruke. Mwendo wake wa uongo wa jana ukawa mwendo wake wa kweli wa leo. Tik, kwa Ngiri. Tik, kwa Ngiri. Tik.

Jua likagusa miti. Vibuyu vikawa sawa. Ngiri yuko kwenye mlima wa mwisho, mkia umeanguka kama kamba iliyolowa. Duma yuko nyuma yake, anavuta gari tupu, anamkaribia. Ngiri akasimama. Naam, alisimama.

Ndipo akasikia kile kisauti. Leo kilikuwa chembamba zaidi. "Kimbia, baba."

Mkia ukafanyaje?

— Ukasimama wima!

Sikuwasikia. Ukafanyaje?

— UKASIMAMA WIMA!

Akapanda. Akashuka. Tuku-tuku-tuku-tuku! Mama Mbuni akaachia mbegu. Tik. Jua likazama.

Kidundu akapelekwa bwawani, wa kwanza kabisa, kabla ya kwato yoyote kuyagusa maji. Akainama. Akaruka nyuma.

"Baba! Kuna ngiri humo ndani!"

Tangu azaliwe alikuwa hajaona maji yanayoonyesha uso.

"Ni wewe, mwanangu," akasema Ngiri. "Kunywa."

Akanywa. Akanywa tena. Baada ya siku chache boga likawa tumbo.

Na kiangazi kilichofuata, siku ya majaribio, Mama Mbuni alikimbia kujificha. Duma alikuja kama risasi, Pundamilia kama risasi, Nyati akivunja vichaka, wote wanapiga kelele, "Nizidishie, mama! Nizidishie mawe! Pua zote mbili, ziba!"

Funzo la hadithi ni hili: ukiificha nguvu yako ili upunguziwe mzigo, siku ya kazi utatafutwa hewani. Onyesha unachoweza, upewe mzigo unaokufaa, kisha uufunge vizuri.

Hadithi yangu naiegesha hapo. Magurudumu yapoe, nanyi mkalale.