Zimwi Lililoitikia Kimewari

Niitikieni, wenzangu, maana ngano isiyoitikiwa hufa njiani.

Katika vilima vya Wamewari alikuwako Dhapu, msimulizi aliyebeba kisanduku chenye milango iliyochorwa. Kwao msikilizaji huitikia "hun!" kila msimulizi anapotua, na kila "hun!" ilifungua mlango mmoja.

Siku moja zimwi likamkamata. "Fungua hicho, ama nikumeze!"

Dhapu akasimulia kwa lugha ya ikulu, apate kulipendeza. Zimwi kimya, milango kimya. Akarudia kwa madaha zaidi. Kimya! Zimwi likapanua kinywa.

Hofu ikamrudisha kwenye ngano za mama yake. Akaanza kwa Kimewari, lugha aliyoionea haya mbele ya wakubwa: "Palikuwa na ngamia, mwanangu..."

"Hun," likaguna zimwi, likajishangaa. Nalo lililelewa na mama, kwa lugha hiyohiyo.

Mlango ukafunguka. Zimwi likaketi. "Kisha?"

Dhapu akang'amua: kinywa kinachoitikia hakitafuni. Basi hakuimaliza ngano ile. Binti zake waliipokea, na wajukuu baada yao, na zimwi lingali linaitikia.

Siku watakayoionea haya lugha yao, litanyamaza. Na likinyamaza, litakumbuka njaa.